Mnara wa Likoma na Watu wa Pwani ya Ruvuma

Ukimwuliza mzee wa Mbuji, Umatengo, dini ilifikaje kwao, atanyoosha mkono kuelekea Peramiho, wala hatakosea. Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifungua Peramiho mwaka 1898, mwaka uliofuata wakafungua Kigonsera, na kutoka hapo wakapanda milima ya Umatengo hadi Litembo. Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera alikusanya maneno ya Kimatengo yakachapwa kuwa kamusi mwaka 1909. Historia hiyo ina vitabu vyake na jubilei zake, na Jimbo la Mbinga, lililozaliwa mwaka 1986, limeirithi yote.

Sasa teremka. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za kona na mteremko, na mwisho wake uko katika wilaya ya Nyasa, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga. Huko chini, hasa ukielekea Liuli na Lundu, utakuta koo nzima ambazo babu zao hawakusubiri padre ateremke kutoka milimani. Wao dini iliwafikia kwa meli. Kanisa lao mama halikuwa Songea wala Mbinga, bali kisiwani, kusini kabisa, katika maji ambayo leo yamezungukwa na Msumbiji huku bendera inayopepea juu yake ikiwa ya Malawi. Ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, Likoma. Lilianza kujengwa 1903, likawekwa wakfu 1911, na miaka 100 imeshalipita bila watu wengi wa mkoa wetu kuligeuzia macho. Nadhani hilo ni kosa. Likoma ni historia ya Ruvuma sawasawa na Peramiho, na kilichotufanya tuisahau ni mpaka tu.

Tuanze na jengo lenyewe, maana ndilo linalomshangaza kila anayeshuka bandarini. Likoma ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba 18 hivi, chenye mibuyu, miembe, mchanga na mawe ya matale, na watu ambao riziki yao ni samaki. Katikati ya hayo limesimama kanisa lenye urefu wa zaidi ya mita 100 na upana wa mita 25. Watu hupenda kusema kwamba ni kubwa sawa na kanisa kuu la Winchester, Uingereza. Hesabu haikubali, kwa kuwa Winchester ina mita 170, lakini naelewa kwa nini usemi huo haufi: ukiwa umezoea makanisa yetu ya vijijini, ukaingia mlango ule wa magharibi, jicho linachelewa kufika altareni. Kuta ni za mawe ya kisiwani na matofali. Mchoraji wa ramani alikuwa Frank George, mjenzi wa misheni, na aliyesimama naye kazini ni Arthur Glossop, arkidiakoni, aliyeishi Likoma sehemu kubwa ya maisha yake. Viti vya waimbaji vimechongwa kwa jiwe la sabuni, laini la kuchongeka kwa kisu, madirisha yana vioo vya rangi, na pembeni kuna baraza zenye matao kwa ajili ya kupita kwenye kivuli. Juu ya altare kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa mpundu kutoka kijiji cha Chitambo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, nalo lina msalaba wa mti huohuo. Makanisa hayo mawili ni ndugu wa baba mmoja.

Mahali altare iliposimama paliitwa Chipyela. Hapo ndipo watu waliotuhumiwa uchawi walipochomwa moto. Wamisionari walipachagua kwa makusudi, kama vile Askofu Edward Steere alivyoweka altare ya Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Unaweza kuona ujasiri katika tendo hilo, na unaweza kuona kiburi pia. Mimi naona vyote viwili. Lakini lazima ikumbukwe kwamba Livingstone mwenyewe, aliyewafanya Waingereza wale waje, hakuwahi kuota kanisa la mita 100. Hotuba yake ya Cambridge ya Desemba 1857 ndiyo iliyozaa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wa pwani wanaijua kwa herufi zake tu: UMCA. Msafara wa kwanza, chini ya Askofu Charles Mackenzie, ulifika nyanda za Shire mwaka 1861, na Januari iliyofuata Mackenzie akafa kwa homa. Waliobaki wakarudi nyuma hadi Unguja, na kwa zaidi ya miaka kumi ziwa likabaki kuwa ndoto ya watu waliokaa pwani ya bahari.

Walirudi kwa miguu kupitia kusini mwa Tanganyika. Steere alitembea hadi Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, mwaka 1875. Mwaka uliofuata aliwapeleka watumwa walioachwa huru kutoka Unguja kwenda kwao, na ndio waliojenga makazi ya Masasi. Hapa ndipo Ungoni wetu unapoingia. Septemba 1882 mashujaa wa Kingoni kutoka upande wa Songea, watu ambao pwani waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma na kuchukua mateka. Magwangwara haohao walikuwa tishio kubwa la ziwani. Walikuwa wakishuka kutoka nyanda za juu kutafuta ng'ombe, chakula na watu, na vijiji vya pwani ya mashariki vilijifunza kuishi kwa tahadhari: vingine nyuma ya boma la miti, vingine juu ya nguzo majini, vingine kwenye mapango. Wenyeji wa Liuli bado wanasimulia jinsi wazee wao walivyojificha kwenye jiwe la Pomonda. Wamatengo nao walikimbilia juu zaidi, kwenye miteremko mikali ambako kilimo cha ngoro kilishika udongo usiporomoke.

Kwa hiyo UMCA ilipotafuta makao ziwani, ilitafuta mahali ambapo mkuki wa Mngoni haufiki. Wangoni hawakuwa watu wa mitumbwi. Kisiwa ndicho kilichokuwa jibu. Kituo cha Likoma kilifunguliwa mwaka 1885, na naomba msomaji wa Songea na Mbinga alitafakari jambo hilo kidogo: kanisa kubwa kuliko yote ziwani liko pale lilipo kwa sababu ya vita vya babu zetu.

Watu wawili ndio walioshika kazi hiyo mwanzoni, na tabia zao zilikuwa mbali kama kaskazi na kusi. Chauncy Maples alikuwa mtu wa kupanga, wa vitabu na wa bustani. Alikuwa amesimamia Masasi kabla ya kuja ziwani, na akawa arkidiakoni wa Nyasa mwaka 1886. William Percival Johnson hakupangika. Alizaliwa 1854, akasoma Oxford, akaacha kazi ya serikali iliyokuwa ikimsubiri India, akafika Unguja mwaka 1876. Alifika ziwani mwanzoni mwa 1882 akiwa na kijana mwenzake, padre Charles Janson, ambaye alikufa wiki chache tu baada ya kuliona ziwa. Johnson akamzika, akaendelea. Akaona kwamba ziwa lenye urefu wa kilomita 580 haliwezi kuhubiriwa kwa miguu, akaenda Uingereza kuomba meli. Vipande vya meli vikiwa njiani, macho yakamwuma: jicho moja likafa na la pili likabaki kuona kwa shida. Madaktari hawakumpa matumaini ya kurudi Afrika. Alirudi, akakaa zaidi ya miaka 40.

Meli ikapewa jina la Charles Janson, ikaundwa kwenye mto Shire mwaka 1885. Ilikuwa ndogo, lakini iliigeuza Likoma kuwa kitovu. Kila mara meli ilipoondoka ilizunguka vijiji vya pwani ya mashariki ikishusha walimu, daftari, dawa na chumvi, na Johnson akishuka na blanketi lake kulala mchangani kwa watu. Ilimpata aibu pia. Mwaka 1888 Makanjila, chifu wa Wayao aliyekuwa na nguvu kusini-mashariki mwa ziwa, alimshika pamoja na kaimu balozi John Buchanan, akawavua nguo na kuwadhalilisha kabla ya kuwaachia. Biashara ya utumwa ilikuwa bado hai. Majahazi yalivusha mateka kutoka Nkhotakota hadi ng'ambo ya mashariki, na kutoka hapo misafara ilikata nchi hadi Kilwa. Sehemu ya pwani hiyo ndiyo ambayo leo tunakwenda kuogelea sikukuu za Pasaka.

Maples aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Likoma katika kanisa la St. Paul's, London, tarehe 29 Juni 1895. Akaharakisha kurudi. Usiku wa tarehe 2 Septemba mashua yake ya tanga ilipigwa na dhoruba, ikapinduka. Inasimuliwa kwamba aliwasihi mabaharia wajiokoe wao wasihangaike naye. Joho lake lilimvuta chini. Alizikwa Nkhotakota. Likoma ilimsubiri askofu ambaye haikuwahi kumwona akiwa na fimbo ya uaskofu.

Walimpa kumbukumbu inayofaa kwa mtu aliyeuawa na ziwa, yaani meli kubwa zaidi. SS Chauncy Maples iliundwa Scotland, ikavunjwa vipande 3,481, ikapakiwa na kusafirishwa hadi mdomo wa Zambezi. Boila lake la tani 11 halikuweza kuvunjwa. Lilikalishwa juu ya magurudumu likakokotwa nchi kavu kukwepa maporomoko ya Shire, karibu kilomita 100, na waliolikokota walikuwa Wangoni 450, wale wa upande wa magharibi wa ziwa. Ndugu wa watu ambao miaka 20 nyuma walikuwa sababu ya kukimbilia kisiwani sasa walikuwa wanavuta moyo wa meli ya misheni. Ilishushwa majini mwaka 1901. Ilikuwa shule, zahanati na kanisa linaloelea, na kwa miaka 50 honi yake ilikuwa saa ya vijiji vya Mbamba Bay na Liuli.

Kisha kanisa. Askofu Gerard Trower alitaka Likoma iwe na kanisa kuu la kweli, si banda. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1903. Kwa miaka minane kisiwa kizima kikawa eneo la ujenzi, na wenyeji ndio waliovunja mawe, wakakanda udongo, wakachoma matofali na kupanda ngazi na karai kichwani. Majina yao hayakuandikwa ukutani. Wakati lilipowekwa wakfu mwaka 1911, Trower alikuwa ameshahamishiwa Australia, na askofu alikuwa Cathrew Fisher. Fedha nyingi zilitoka kwa waumini wa Uingereza, wengi wao watu wa sarafu ndogo waliochangia kupitia makanisa yao. Kuna waliouliza, hata wakati ule, kama fedha hizo zisingejenga shule 20 pwani. Swali hilo ni la haki. Jibu la Johnson lilikuwa katika maisha yake: yeye aliendelea kulala kwenye vijiji vya nyasi huku kanisa likipanda.

Sasa mnara. Mgeni akimpata mtunza kanisa na kumwomba vizuri, huruhusiwa kupanda. Wanaojua Italia watasema minara ya kupanda iko kule, na kweli iko. Florence walimkabidhi Giotto ujenzi wa mnara wa kengele mwaka 1334, na mgeni wa leo hupanda ngazi 414 hadi juu. Ule wa Pisa ulianza kujengwa 1173 na ukaanza kuinama kabla haujakamilika. Lakini minara ile ilijengwa na miji yenye fedha za sufu na benki, kila mji ukitaka mji jirani uone. Likoma haikuwa na jirani wa kushindana naye. Kengele yake iliita wavuvi, wanawake waliokuwa wakianika dagaa, wanafunzi wa chuo cha ualimu, wagonjwa wa hospitali, wapiga chapa wa mtambo wa misheni. Maana lile halikuwa kanisa peke yake. Ulikuwa mji mdogo: nyumba za mapadre na masista, shule, karakana, kiwanda cha uchapaji, hospitali, makaburi. Ukisimama juu ya mnara unauona mpango wake wote kwa mara moja, jambo ambalo ukiwa chini huwezi.

Mtu aliyekulia Mbuji, akalitazama Jiwe la Mbuji toka utotoni na kuambiwa na wazee kwamba halipandwi ovyo, hatatishwa na urefu wa mnara huu. Atakachoshangaa ni upana wa maji. Mashariki, karibu sana, iko pwani ya Msumbiji na mji wa Cobué, mtumbwi unafika. Magharibi kuna kisiwa cha Chizumulu. Kaskazini hakuna kitu ila maji, na ukingo wa anga. Mbamba Bay iko karibu kilomita 90 huko, Liuli mbele zaidi, na hata siku ya anga safi huzioni. Nataja hivyo kwa sababu wasimulizi wengine hudai kwamba kengele ya Likoma ilisikika hadi kwetu. Haikusikika. Kilichofika kwetu ni meli, na mpanda mnara aliyekuwa akiangalia moshi kaskazini alikuwa akitazama watu wetu wakija.

Walikuja kweli, na wengi wao hawakuja kusali tu. Vijana wa pwani ya mashariki walichukuliwa Likoma kusomea ualimu, na waliofaulu zaidi walipelekwa chuo cha Kiungani, Unguja. Yohana Abdallah, Myao aliyesoma Kiungani, alipewa upadre mwaka 1898 na baadaye akaandika historia ya watu wake, Chiikala cha Wayao, iliyochapishwa 1919. Leonard Kamungu, mtoto wa pwani ya Chia karibu na Likoma, alipewa upadre mwaka 1909, akajitolea kwenda Zambia ya leo, akafa Msoro mwaka 1913 katika hali iliyowafanya wengi waamini kwamba alipewa sumu. Waanglikana wa Malawi na Zambia humkumbuka kila tarehe 27 Februari. Hao wawili wana nafasi kubwa katika historia ya Likoma kuliko maaskofu kadhaa waliotajwa kwenye vitabu vya Kiingereza. Walimu wa vijijini waliokwenda Lundu, Liuli na Manda wakiwa na kitabu kimoja cha sala na mshahara mdogo, hao ndio walioibeba kazi, na majina yao yamebaki kwenye kumbukumbu za familia zaidi kuliko kwenye karatasi.

Lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kinyanja cha Likoma. Johnson aliitafsiri Biblia katika lahaja hiyo, akifanya kazi kwa jicho lililobaki, mara nyingi akiwa ndani ya meli. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa Wanyasa wa pwani ya Ruvuma walisali na kuimba kwa lugha ya kisiwani, wakati Wamatengo wa kilomita chache juu yao walikuwa wakijifunza katekisimu kwa Kiswahili cha Peramiho. Harusi kati ya bonde na mlima zilikuwa na mambo mawili ya kusawazisha: padre gani, na lugha gani. Baadhi ya wazee wa Liuli wanaujua wimbo wa Kinyanja hadi leo na hawaujui kwa Kiswahili.

Mataifa matatu yalijigawia ziwa juu ya vichwa vya watu hawa. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890 uliiweka pwani yetu Ujerumani, na ule wa Uingereza na Ureno wa 1891 uliiweka pwani ya mashariki ya kusini kwa Wareno, lakini Likoma na Chizumulu zikabaki kwa Waingereza kwa sababu misheni ilikuwa imeshakaa hapo. Kwa hiyo askofu mmoja alikuwa na waumini chini ya bendera tatu. Meli yake ilikuwa ikibadili sheria za forodha mara kadhaa katika safari moja. Mpaka wa majini kati ya Tanzania na Malawi unabishaniwa hadi leo, Malawi ikidai maji yote hadi ufukweni kwetu na Tanzania ikisema katikati. Mgogoro huo umetokana na karatasi zilezile za 1890.

Wajerumani waliigeuza Liuli kuwa bandari yao, wakaiita Sphinxhafen kwa umbo la jiwe lile lile la Pomonda. Hapo ndipo tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kapteni Edmund Rhoades, iliifyatulia risasi meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Alikuwa rafiki wa Rhoades wa siku nyingi, na inasemekana alipiga makasia hadi kwenye meli ya mwenzake akilaani na kuuliza kama amelewa. Rhoades akamkamata. Magazeti ya London yalilishangilia tukio hilo kama ushindi wa majini. Kwa Waanglikana wa pwani lilikuwa na maana nyingine. Chauncy Maples ilichukuliwa kubeba askari, na miaka ya vita ikakata safari za walimu na sakramenti kati ya kisiwa na vijiji. Mwaka 1915 Sphinxhafen ilishambuliwa tena.

Vita vilipoisha na Tanganyika kuwa chini ya Waingereza, njia ikafunguka, na Johnson, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 60, akaweka makao Liuli. Uamuzi huo ni wa kuangaliwa. Angeweza kumalizia siku zake Likoma, chini ya dari la kanisa kuu, lakini akachagua upande ambao ulikuwa na watu wengi na mapadre wachache. Aliandika vitabu viwili vya kumbukumbu, kimoja kuhusu ziwa na watu wake mwaka 1922, kingine kuhusu miaka yake ya mwanzo mwaka 1924, na havijisifu hata kidogo. Alikufa Liuli Oktoba 1928, akazikwa hapo. Ndiyo maana Mwanglikana wa Ruvuma akisema "Johnson" hana haja ya kuongeza jina lingine, na Hospitali ya Mtakatifu Anna ya Liuli imeendelea na kazi ya tiba ambayo ilianza kwenye meli.

Kuachana kwa kisiwa na pwani kulikwenda polepole na bila ugomvi. Mwaka 1952 ilianzishwa Dayosisi ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika, chini ya Askofu Leslie Stradling, na pwani yetu ikatolewa chini ya Likoma. Kiswahili kikaingia makanisani kwa nguvu. Hata hivyo watu waliendelea kuvuka. Josiah Mtekateka, mzaliwa wa Likoma, alikuwa padre Tanganyika hadi akawa arkidiakoni wa Njombe, ndipo mwaka 1965 akaitwa nyumbani kuwa Mmalawi wa kwanza kupata uaskofu wa Anglikana. Mwaka 1971 alipewa Dayosisi mpya ya Ziwa Malawi, na mwaka huohuo, upande wetu, ikazaliwa Dayosisi ya Ruvuma yenye makao Songea, katikati ya nchi ya Magwangwara. Likoma yenyewe ilihamia Dayosisi ya Malawi Kaskazini mwaka 1995.

Kwa anayetaka kwenda kuona kwa macho yake, safari inahitaji pasi na subira zaidi ya fedha. Vuka kwanza kutoka Mbamba Bay hadi Nkhata Bay kwa chombo kitakachopatikana, gonga muhuri, kisha uisubiri MV Ilala, meli ya mwaka 1951 inayopita Likoma, isipokuwa iko matengenezoni, na huwa iko huko mara nyingi. Upepo wa mwera ukivuma kati ya Juni na Agosti, usipande mtumbwi hata ukiambiwa ni karibu. Ukifika, omba ruhusa ya kupanda mnara kabla ya ibada ya Jumapili kuanza, kisha shuka ukae nyuma, kwenye viti vya mwisho, na uwaulize wazee baada ya misa ni nani kati yao ana ndugu Liuli.